Sikwenda Kusomea Kushikashika

Kesi yote ilikuwa kwenye neno. Kwetu Ikinga, kule milimani Ileje, mwanamke akijifungua alikandwa kwa maji ya moto na shangazi au mama mkwe, na hakuna aliyeona haya. Mtu akiteleza shambani akateguka mguu, alikandwa. Mchungaji mwenyewe niliwahi kumwona akikandwa shingo barazani kwake, mchana kweupe, waumini wakipita na kumwamkia. Lakini neno hilo likishuka mlima, likafika Tunduma na kuitwa masaji, watu walilitamka wakiangalia pembeni. Mimi nilitaka kulifanya kazi. Tena nilitaka kulisomea, kulisomea hasa, na hapo ndipo ugomvi ulipoanzia.

Nilifika Tunduma nikiwa nimemaliza kidato cha nne na kufeli. Songwe haikuwa mkoa bado; tulikuwa Mbeya. Biashara ilikuwa imefunguliwa na mji ulikuwa umefunguka nayo: mchele unavuka, vitenge vinavuka, kila mtu ana kitu begani cha kupeleka ng'ambo au kurudisha. Malori yalipanga mstari kutoka mpakani hadi nje ya mji yakisubiri karatasi za forodha, na dereva aliweza kukaa siku kadhaa kwenye kiti kilekile, anakula humo, analala humo. Sijaona mji wenye migongo mibovu kama ule.

Nilipata kazi saluni. Mwenye saluni alikuwa mama wa Kitanga, mke wa msafirishaji, Mwislamu wa swala tano na biashara ya kutwa nzima. Alinipenda. Alinicheka pia. "Kiswahili chako kina milima ndani yake, mwanangu," alisema siku ya kwanza, "hata salamu unaipanda." Alinifundisha kuweka dawa za nywele, kumsinga bibi harusi, kuchanganya mafuta ya nazi na karafuu. Kisha akatenga chumba cha nyuma, akaweka kitanda na pazia, kwa sababu ile migongo niliyoiona mimi na yeye alikuwa ameiona, na yeye hakuwa mtu wa kuona kitu akakiacha.

Nikawa mkandaji. Nilijifunza kwa kumtazama yeye: sugua hapa, bonyeza pale, mpigepige mabega, mpe taulo. Mikono yangu ilikuwa imekua na jembe, kwa hiyo nguvu ilikuwapo. Wateja waliridhika na mimi niliridhika, mpaka alipokuja yule dereva wa Kizambia.

Alikuwa mtu mzima, mnene, mpole. "Mulishani, bamayo," alinisalimia, kisha akaendelea kwa Kiswahili cha barabarani. Alikuwa ametoka Dar es Salaam karibu bila kushuka kwenye lori. Shavu la mguu wa kushoto linamuuma, alisema, nilikande kwa nguvu mpaka linyooke.

Nikaushika mguu. Ulikuwa wa moto. Wa kulia ulikuwa mguu wa kawaida, lakini wa kushoto ulikuwa umejaa, ngozi imevutika mpaka inang'aa. Sikujua ni nini. Naomba nieleweke hapa: sikujua lolote. Hakuna aliyekuwa amenifundisha wala kunionya. Nilichokuwa nacho ni hofu tu, na hofu hiyo iliniondoa mikono kama mtu aliyegusa sufuria jikoni.

"Mzee, huu mguu nenda nao hospitali kwanza," nilimwambia.

Mama mwenye saluni alisikia kutoka upande wa pili wa pazia. Akaingia. "Mtu amekuja kukandwa, wewe unampa hotuba?"

"Mama, mimi siujui mguu huu."

"Mguu ni mguu." Akakunja mikono ya gauni lake, akamimina mafuta, akamkanda mwenyewe. Yule baba aliuma meno, jasho likamtoka usoni, lakini alishukuru. Akaondoka akichechemea hadi kwenye lori lake, na jioni ile zamu yake ikafika, akavuka.

Kwa wiki kadhaa niliwauliza madereva waliotoka upande ule. Baba mmoja mnene, mpole, mguu wa kushoto. Walinicheka, wakaniuliza kama ni mchumba. Hakuna aliyemjua. Mpaka leo sijui kama alifika kwake salama. Pengine alifika na mguu ukapona wenyewe. Lakini swali lilinikaa na halikutoka: ni nani hatakiwi kukandwa? Nilikuwa nawekea mikono watu wazima kila siku, na swali dogo kama hilo sikuwa na jibu lake.

Nilipomwambia mama mwenye saluni kwamba nataka kusoma, alifurahi kuliko nilivyotarajia. "Hata mimi nimefikiria hivyo," alisema. "Watu wa siku hizi wanasoma ukuta. Wakiona cheti wanalala chini wenyewe." Alikuwa amesikia kwamba kuna mwalimu amefika mjini, amekodi ukumbi wa nyumba ya wageni, anafundisha masaji kwa wiki moja. Akaniandikisha.

Mwalimu alivaa suti na viatu vyenye ncha. Tulikuwa wanawake watupu, wengi kutoka saluni za mjini, wawili wamevuka kutoka Nakonde. Siku ya kwanza alitufundisha kuwasha mishumaa, kuchagua muziki na kutabasamu. Siku ya pili alimlaza mmoja wetu juu ya meza ya chakula, akatuonyesha mitindo na majina yake, kila jina la nchi ya mbali. Vyeti vilikuwa tayari mezani, vimepigwa muhuri, vimeachwa nafasi ya jina tu. Nikanyoosha mkono.

"Mwalimu, nani hatakiwi kukandwa?"

Alifikiri kidogo. "Asiyelipa," akajibu. Ukumbi mzima ukacheka.

Nikangoja kicheko kiishe. "Nauliza kweli. Mtu akija na mguu mmoja umevimba una joto, nifanye nini?"

"Dada," alisema, na sasa hakuwa anatabasamu, "umekuja kusomea udaktari au masaji?"

"Nimekuja kusomea kazi ninayoifanya kwenye miili ya watu."

"Basi kaa chini ufundishwe."

Sikukaa. Nilichukua mkoba wangu, nikapita katikati ya meza, nikatoka. Nyuma yangu nilisikia mmoja akisema huyo Mndali wa Ileje ana kiburi. Ni kweli. Kiburi nilikuwa nacho, na nashukuru sikukiacha nyumbani siku ile.

Mama mwenye saluni alikasirika, naye alikuwa na haki yake. "Wiki moja tu! Ulishindwa kunyamaza wiki moja upate karatasi?"

"Karatasi ingesema najua, mama. Sijui."

"Na nani atakuuliza?"

Nilitaka kumjibu kwamba nitajiuliza mwenyewe, lakini alikuwa ameshanigeuzia mgongo. Mwisho wa mwezi aliniambia kwa upole kwamba amepata binti mwingine mwenye cheti. Hatukutukanana. Nilikunja vitu vyangu, nikaanza kusuka nywele kibarazani kwa mama mmoja niliyepanga kwake, na kila nilipopata nafasi nilipanda basi kwenda Mbeya kutafuta chuo.

Kutafuta chuo nako ni kazi ya mtu mkaidi. Kimoja nilikipenda nilipokiona: jengo jeupe, vioo, vitanda vya ngozi, harufu ya malimao. Dada wa mapokezi alinitembeza. Miezi mitatu, alisema, na ukitoka hapo hoteli yoyote inakuchukua. Nikamuuliza tutajifunzia juu ya nani. Akanionyesha televisheni. "Mtatazama kanda, kisha mtakandana ninyi kwa ninyi." Wagonjwa, wazee, wajawazito? "Hao mtajifunzia kwa wateja wenu mkishaanza kazi." Alikuwa mkweli, na ukweli wake ndio ulionitoa pale. Niliwakumbuka wale wateja wangu wa baadaye, ambao hawakujua kwamba tayari wamepangiwa kuwa vitabu vyangu.

Kingine kilikuwa nyuma ya hospitali moja, kwenye majengo ya zamani yaliyokuwa stoo. Rangi ilikuwa imebanduka. Mlangoni palikaa mzee mwenye redio ndogo sikioni akisikiliza mpira na kutafuna karanga. Nikamwamkia, nikamuuliza mwalimu wa ukandaji yuko wapi.

"Unamsumbua," alijibu. "Timu yake inafungwa."

Ndipo nikaona kwamba haoni. Macho yake yalikuwa yamegeukia ukutani. Nikasema lile nililokuwa nalo.

"Nani hatakiwi kukandwa, mwalimu?"

Alizima redio. "Nani amekutuma?"

"Hakuna. Nimeuliza kwingine sikujibiwa."

"Kaa." Akasogeza karanga. "Mwenye homa. Mwenye mguu mmoja uliovimba wenye joto, hasa kama amekaa sana safarini. Huyo damu inaweza kuwa imeganda ndani, ukiisukuma ikapanda hadi kwenye mapafu umemuua. Mwenye mfupa uliovunjika karibuni. Mwenye ngozi inayotoa majimaji. Asiyetaka, hata kama ameletwa na mumewe. Hao ni wale ninaowakumbuka kabla ya chai. Wengine utawasoma muhula mzima."

Aliposema mguu niliinamisha kichwa. Sikulia, lakini ilikuwa karibu. Yeye akanyoosha mkono. "Lete mkono wako." Akaupapasa kiganja, vidole, kifundo. "Mkono wa jembe. Vizuri, ingawa una kelele. Baiolojia ulipata nini?"

"Nilifeli."

"Basi rudi ukaifaulu. Hapa ni mwaka mmoja na nusu, na anayeingia bila baiolojia tunamlaza njaa tu."

Nilimwomba. Nilimwambia nina uzoefu, nina nguvu, nitasoma nikiwa mle mle. Akawasha redio. "Ulikuja kutafuta chuo kigumu," alisema, "ukikipata unaanza kukiomba kilegee?"

Nikarudi Tunduma nikiwa na hasira naye njia nzima. Lakini nilirudia mtihani. Nilisuka nywele asubuhi, mchana nilikwenda Vwawa kukaa darasani na watoto ambao wangeweza kuniita mama mdogo, nikichora moyo na mapafu, nikikosea mishale. Walinipa jina la utani, Daktari wa Saluni. Nililijibu nilipoitwa. Matokeo yalipotoka, baiolojia ilikuwa ya kupita, haikuwa ya kujisifia. Ilitosha.

Kabla ya kwenda chuoni nilipanda Ikinga kuaga. Baba alikuwa ameshafariki, kwa hiyo neno la nyumba lilikuwa kwa baba mdogo, mzee wa kanisa. Alikusanya watu sebuleni kwa mama kama vile kuna msiba. Nje ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye migomba, ndani kila mtu amejifunika.

"Tumesikia," alianza, "kwamba binti wa nyumba hii anakwenda kusomea kushikashika wanaume."

Shangazi mmoja akaguna. Mama aliinamia kikombe chake.

"Baba mdogo," nilisema, "ulipoanguka na baiskeli kwenye mteremko wa mtoni, nani alikukanda kiuno?"

"Hilo ni jambo lingine."

"Alikukanda mama huyu hapa. Mke wa kaka yako. Alikuwa anakushikashika?"

Ilikuwa adabu mbaya na nilijua. Mtoto wa kike hamjibu hivyo baba mdogo mbele ya watu. Lakini nilikuwa nimechoka kuona kitu kilekile kikiwa huruma kinapofanywa bure na mama yangu, na kikiwa aibu ninapotaka kukijua vizuri.

"Unamlinganisha mama yako na wanawake wa mpakani?" aliuliza, sauti imeshuka.

"Nalinganisha mkono na mkono. Mama alikukanda bila kusoma, Mungu akasaidia. Mimi nataka kukanda nikiwa najua nini kiko chini ya kidole changu. Kama hilo ni dhambi, nisomwe kanisani pamoja na wakosaji."

"Utasomwa!"

"Nitakuwapo."

Mama alinisindikiza asubuhi hadi njia panda. Hakuwa upande wangu, na sitamsingizia. Alilia njia nzima, akaniomba nisomee ualimu wa chekechea. Nilimkumbatia, nikapanda gari. Na kanisani nilisomwa kweli, nikiwa mbali. Waliniambia baadaye kwamba nilitengwa na meza ya Bwana kwa kukosa utii. Nilikuja kurudishwa bila mtu kueleza kwa nini.

Chuo kilikuwa kigumu kama kilivyoahidi. Tulisoma mifupa kwa kiunzi cha plastiki kilichokosa mkono mmoja, na wote tuliokitumia tulijua mkono wa kulia vizuri kuliko wa kushoto. Tulipelekwa wodini, tukisimamiwa, kukanda miguu ya watu waliolala muda mrefu. Lakini kilichonishangaza kuliko vyote ni muda tuliotumia kujifunza shuka. Ndiyo, shuka. Namna ya kumfunika mtu mwili mzima na kufunua sehemu unayofanyia kazi tu, kuifunika tena kabla ya kugusa nyingine, kumgeuza bila shuka kuhama. Namna ya kugonga mlango, kutoka akivua, kumuuliza kabla ya kumgusa na kumwacha akatae. Mwalimu alikuwa analala kitandani mwenyewe tumfanyie mtihani, na ingawa hakuona, alijua shuka ikisogea upana wa kidole. "Umenivua nguo," angesema. "Toka. Anza upya." Nilitamani baba mdogo aone somo lile. Nilitamani mji mzima uje uketi kwenye mabenchi yetu.

Siku moja nikimkanda bega alinisimamisha. "Mkono wako unaongea sana," alisema. "Unamwambia mgonjwa wewe ni hodari. Unyamazishe usikie yeye anasema nini." Nilikasirika. Nilikuwa nimejivunia nguvu yangu tangu Ikinga. Nikaanza upya, taratibu, na chini ya kipande cha bega nikahisi fundo dogo gumu kama punje ya mahindi, ambalo nilikuwa nimelipita mara nyingi kwa mbio zangu. Nikangoja juu yake. Likalegea. Mwalimu hakusifu. Alisema, "Hilo lilikuwa hapo tangu Jumatatu."

Nilirudi Tunduma na cheti, nikapanga chumba karibu na duka la vipuri, dirisha likitazama barabara. Mwezi wa kwanza wateja waliokuja walikuwa wa namna moja. Mmoja, amevaa vizuri, alivua saa akauliza kama nina huduma nyingine, ile yenyewe. Nilimwambia ninayo moja tu. Akacheka akidhani anabembelezwa. Basi nikatoka, nikasimama barazani penye watu, nikamwita kwa sauti: "Kaka, njoo useme hapa nje ulichokuwa unaniomba ndani, hawa nao wasikie." Alitoka kwa mlango wa uani na sikumwona tena. Wauza vipuri walipiga makofi.

Waliokijaza kile chumba hatimaye hawakuwa madereva. Walikuwa akina mama wanaovusha mchele, wale wenye shingo zilizobeba mpaka mzima. Alikuja mmoja kwa wasiwasi, akalala, nikamfunika, nikaanza na shingo. Hakumaliza maelezo ya maumivu yake, alikoroma. Alipoamka alikaa kitandani, akasema, "Kumbe huu ndio umalaya wanaousema? Basi mimi ni malaya wa usingizi." Alicheka mpaka machozi, na kesho yake alileta wenzake. Hata mama mwenye saluni alianza kuniletea watu. Akiona mguu asiouelewa, aliwaambia wavuke barabara waje kwangu. Kuhusu yule dereva hatukuwahi kuzungumza.

Mwenye nyumba ndiye aliyebaki na shida. Alikuja na maneno ya majirani na ya msikitini na ya kanisani, yote kwa pamoja, akasimama mbele ya kibao changu kilichoandikwa Ukandaji Tiba.

"Mwanangu, kazi yako sina neno nayo. Lakini kibao hiki. Huwezi kuandika Huduma za Afya? Au Urembo? Mtu akipita asielewe sana."

"Nataka aelewe, baba."

"Wanasema."

"Nimewasikia. Wanasema tangu Ikinga."

Alipoondoka nilimwita mchoraji wa vibao wa pale mtaani. Nikamwambia afute herufi zile za zamani aandike upya, kubwa mara mbili, zijaze ubao. Aliniuliza rangi gani. Nikamwambia nyekundu, isomeke kutoka kwenye malori.